Hodi ya Tatu

Hadithi hii nimeipokea kwa jirani, nami sikuona vema niikalie peke yangu.

Binti mmoja, jina lake Sikudhani, alilelewa na bibi yake, Bi Mwanamkuu, katika kijiji cha milimani kinacholima iliki. Alipokuwa mdogo, asubuhi jiko likiwa limezima, bibi alimpa kigae cha chungu kilichovunjika na kumtuma kwa jirani akaombe moto. Viberiti vilikuwapo dukani, lakini bibi alisema kiberiti ni cha mtu asiye na jirani.

Sikudhani alikuwa mwenye haya. Alisimama nje ya mlango na kusema hodi kwa sauti ndogo, hata kuku hawakushtuka. Jirani alimwekea makaa mawili matatu, naye akarudi mbio akipuliza, moshi ukimwingia machoni. Hakuna siku aliyoambiwa kwamba moto umekwisha.

Siku zile kijiji kizima kilinukia iliki. Ilianikwa kwenye mikeka, ilitiwa kwenye chai, na harufu yake ilibaki kwenye kanga za wanawake hata baada ya kufuliwa.

Miaka ikapita. Sikudhani akaolewa palepale kijijini, akapata mtoto. Kisha iliki ikaanza kuugua. Majani yalitoka michirizi ya njano, mashina yakadumaa, mwisho yakaacha kuzaa. Mjomba wake Kaniki, aliyekuwa mwenyekiti wa wakulima, akaitisha mkutano.

"Tung'oe yote," alisema. "Jumamosi ijayo tuanze, tupande maharage kabla ya mvua. Iliki imeshatuaga."

Sikudhani aliwaza chai ya bibi yake isiyo na iliki, akajiona kama mtu anayeambiwa nyumba yao inabomolewa. Watu walipotawanyika alimfuata Mwalimu Shemdoe, aliyemfundisha darasa la saba, ambaye alikuwa na kompyuta.

Mwalimu akatafuta kwenye mtandao. Akaiona makala ya utafiti uliofanywa kuhusu ugonjwa uleule katika milima ileile miaka kumi na minane nyuma, wakati ugonjwa ulipokuwa kwenye mashamba machache tu. Muhtasari ulisema kwamba iliki inaweza kuokolewa bila kung'olewa yote. Kwa namna gani? Hapo ndipo palipochorwa kufuli. Kuendelea kusoma ilibidi kulipa, au kuwa mwanachama kwa mwaka mzima.

"Bei yake ni mbuzi mzima," alisema Mwalimu. "Na makala yenyewe kurasa tisa."

"Wameandika habari za iliki yetu, kisha wametufungia nje?"

"Ndiyo dunia hiyo, mwanangu."

Nyumbani, bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mchicha kwa vidole, maana macho yalikuwa yamefifia. Alimsikiliza Sikudhani mpaka mwisho.

"Aliyeandika amekufa?"

"Sijui, bibi. Nadhani yupo."

"Mmempigia hodi?"

"Pana kufuli, bibi."

"Kufuli ni la mwenye duka. Mimi nakuuliza habari za mwenye moto. Wewe mke mwenzangu, nimekutuma na kigae miaka yote ile, ukajifunza kupuliza tu?"

Kesho yake Mwalimu akaifungua tena ile makala. Chini ya jina la mwandishi, Dokta Kajiru, palikuwa na anwani ya barua pepe kwa maandishi madogo.

"Jana niliiona," alisema, "nikadhani ni pambo. Lakini usitumaini sana. Wasomi wakubwa hawana muda na watu wa darasa la saba."

Sikudhani akaandika barua kwenye daftari. Aliifuta mara nne, akakagua kila herufi, ndipo akampa Mwalimu aichape.

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mkulima wa iliki huku milimani. Iliki yetu inakufa, na Jumamosi itang'olewa. Naomba kusoma ulichoandika juu yake. Sina cha kulipa. Samahani kwa usumbufu."

Barua ilirudi saa ileile. Anwani ile haikuwa ikitumika tena. Wakaandika kwa chuo alichokuwa akifundisha zamani. Siku mbili, kimya. Ikafika Alhamisi, na wanaume wakaanza kunoa majembe.

"Hodi mbili zimekwisha," Sikudhani alimwambia bibi. "Nikipiga ya tatu nisiitikiwe, narudi nyumbani. Ndiyo adabu."

"Ndiyo adabu," bibi alikubali. "Lakini hiyo ya tatu kaipigie uani. Mchana wenye nyumba wako jikoni."

Sikudhani alirudi kwa Mwalimu na maneno hayo. Safari hii Mwalimu akaiacha makala, akatafuta jina la Dokta peke yake. Akalikuta kwenye orodha ya walimu wa chuo kingine, pamoja na anwani mpya. Barua ikaenda mara ya tatu.

Ijumaa asubuhi jibu lilikuwapo, na makala nzima imeambatanishwa.

"Marahaba, mwanangu," aliandika Dokta. "Karibuni. Anayeuza makala hii si mimi, na nakala yangu naruhusiwa kumpa yeyote anayeniomba. Miaka kumi na minane nimengoja mtu wa milimani aniombe. Hakuna aliyebisha hodi."

Jioni watu walikusanyika uani kwa bibi. Makala ilikuwa ya Kiingereza, Mwalimu akawa anasoma na kueleza. Ugonjwa ulibebwa na wadudu wadogo wanaojificha kwenye tangawizi mwitu kando ya vijito. Ukifyeka tangawizi mwitu na kung'oa mashina yaliyougua tu, mengine yanasalimika.

"Nani aliyeligundua jambo hili?" aliuliza mjomba Kaniki.

Mwalimu alikuwa amefika ukurasa wa tisa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hapa mwandishi anatoa shukrani," alisema. "Anamshukuru Bi Mwanamkuu, mwenye shamba la kijitoni, ambaye iliki yake haikuugua kwa kuwa alikuwa akifyeka tangawizi mwitu."

Watu wote wakamgeukia bibi.

"Yule kijana mwembamba?" alisema bibi. "Aliyeogopa siafu? Nilidhani alifuata chai. Alikunywa vikombe vinne."

"Sasa bibi, mbona hukutuambia habari za tangawizi?" aliuliza Sikudhani.

"Niwaambie nini? Mimi nilikuwa nafyeka kwa sababu ya nyoka. Macho yalipoharibika nikaacha, na nyoka sikumwona tena."

Watu wakacheka, hata mjomba Kaniki.

Jumamosi majembe yalitoka kama yalivyopangwa, ila yalielekea kijitoni, pamoja na mafyekeo. Sikudhani alibaki kuwapikia chai. Alitwanga iliki ya mwisho iliyokuwa kwenye kopo la bibi, na harufu ikampanda puani kama asubuhi zile za kigae. Ndipo alipoelewa. Moto alioufuata mbali namna ile ulikuwa umetoka jikoni kwao. Jirani aliuchukua, akautunza, akaurudisha ukiwa na mwanga zaidi.

Siku hiyohiyo alimwandikia Dokta kushukuru. Mwisho wa barua, bibi akamwambia aongeze mstari mmoja: "Vikombe vinne vinakungoja. Siafu wamehama."

Funzo: Ukikuta mlango wa elimu una kufuli, usirudi nyumbani kabla hujampigia hodi aliyeandika. Nawe ukiombwa moto, toa, kwa maana jiko lako likizima utakwenda kuyaomba makaa yaleyale uliyogawa.