Zizi la Ryoba

"Uza maksai, shemeji! Nimesema tangu ng'ombe hawajaamka. Mguu wa mtu na plau, kipi kikubwa?"

"Na mimi nimejibu tangu jogoo hajawika. Siuzi."

"Basi uza wengine! Zizi limejaa pomoni. Thelathini na mmoja, nimewahesabu kwa macho yangu."

"Kama unajua kuhesabu, unajua pia ni wa nani," alisema Waisiko, bila kuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, anakamua. Ugomvi ulikuwa ugomvi, lakini maziwa hayangoji.

Nashoni alikohoa, akageukia vilima vya Nyarero kana kwamba ameona moto huko. Alikuwa kaka mkubwa wa Ryoba, na Ryoba ndiye mume wa Waisiko. Mtu mrefu kama mlingoti, mwenye kofia ya pama aliyoivua msikitini, kanisani na msibani tu, ingawa msikitini hakuwahi kuingia.

"Mnapigana bila mimi?" sauti ya Ryoba ilitoka dirishani. "Mguu ni wangu, nami nina haki ya kutukana kidogo."

"Lala!" walijibu wote wawili kwa pamoja.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu wa sehemu hiyo ya Tarime wahamishwe kutoka maboma yao ya mbalimbali na kujengewa kijiji kimoja, nyumba zikiwa zimepangwa mistari kama mahindi ya shamba la shule. Shule ilikuwa karibu, zahanati ilikuwa karibu, ila malisho yalikuwa mbali. Ryoba alitembea saa mbili kufika kwenye nyasi na saa mbili kurudi. Alipochoka alifanya jambo ambalo hakuna mwanamume wa pale aliyekuwa amelifanya: alipanda punda.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ryoba naye aliwapungia mkono kama mgeni rasmi. Punda huyo alimwita Balozi kwa sababu, alisema, anapenda kutangulia lakini hajui aendako. Nikodemo, balozi halisi wa nyumba kumi zile, hakucheka hata siku moja.

Siku ya siku, punda alikanyaga shimo la muhanga akiwa anakwenda mbio. Punda alianguka, Ryoba akaanguka chini yake, na paja likavunjika kama muwa. Alikaa hospitali wiki sita akiwa amefungwa plasta kuanzia kiunoni. Plasta ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga kombo. Daktari hakuficha: Ryoba apelekwe Mwanza kabla ya mwezi kwisha, mguu uvunjwe upya na kunyooshwa. Akichelewa, hatatembea tena bila kubebwa. Matibabu yenyewe hayakuwa na malipo. Lakini lori la kwenda Musoma, meli ya kwenda Mwanza, chakula cha mgonjwa na cha mtu wa kumuuguza kwa miezi miwili, vyote vilitaka fedha. Mwezi ulikuwa umebakiza siku nane, na siku hiyo ya ugomvi ilikuwa ya mnada. Mnada mwingine ungekuja baada ya wiki mbili.

Mvua nazo zilikuwa zinanukia. Waisiko akiuza maksai wawili, Ryoba angetembea, lakini shamba lisingelimwa na watoto wanne wangeshinda njaa mwaka mzima. Asipouza, watoto wangekula na baba yao angelala. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa achague jicho la kutoboa.

Kwa nini hakuuza wengine? Hapo ndipo palipokuwa na siri. Desturi ya wafugaji wa pale ni kutoweka mali yote katika zizi moja. Ugonjwa ukiingia, wezi wakija, au ndugu wenye tamaa wakitupa macho, mtu asikose vyote. Kwa hiyo ng'ombe huwekwa kwa rafiki mwaminifu. Huyo huwachunga, hunywa maziwa, na kubwa zaidi, hufunga mdomo. Hasemi yupi ni wa nani, hata kwa mwenyekiti wa kijiji. Ryoba aliaminiwa kuliko wote. Katika ng'ombe wale thelathini na mmoja, wake walikuwa wanne tu: maksai wawili, mtamba mmoja na ndama, na bei ya hao wadogo isingemfikisha mtu hata Musoma.

Kijiji kiliona zizi, hakikuona siri. Kamati ilipogawa unga wa njano wa msaada, jina la Ryoba lilirukwa. "Mwenye ng'ombe thelathini apewe unga?" waliuliza. Waisiko alimeza jibu likamkwama kama mfupa wa samaki. Mumewe alikuwa ametoa neno lake, na neno la Ryoba lilikuwa kitu pekee ndani ya nyumba ile ambacho hakikuwa kimevunjika.

Na katika hao wa kuwekwa, wanane walikuwa wa Nashoni.

Ndiyo, Nashoni huyo huyo. Wanane, pamoja na dume jeusi lenye nundu kama kilima. Mkewe Esta hakujua. Kwa miaka mitatu alikuwa amemwambia kwamba hawana ng'ombe wa mahari ya mtoto wao.

Esta mwenyewe alifika wakati huo, amebeba uji wa mgonjwa, na nyuma yake Nikodemo mwenye daftari kwapani. Nashoni ndiye aliyemwita balozi huyo. Hakuna ng'ombe aliyepita mnadani bila barua ya balozi, na barua hiyo ilitaka maneno mawili muhimu: rangi ya ng'ombe na jina la mwenye mali.

"Haya, ndugu zangu," alisema Nikodemo, akilamba ncha ya penseli. "Anauzwa nani?"

"Asiuzwe punda," alisema Ryoba dirishani. "Balozi ana kazi nyingi."

"Nimemsikia, Mama Bhoke," Nikodemo alimwambia Waisiko. "Nimemsikia mumeo."

"Msamehe, ndugu Balozi. Kilichovunjika ni mguu, ulimi haukuguswa." Waisiko alisimama na ndoo yake. Alimgeukia Nashoni, akamtazama usoni. "Shemeji, wewe ni kaka yake, tumbo moja. Wewe unatoa nini?"

Nashoni alishika ukingo wa kofia. "Kutoa ni utajiri, shemeji. Asiyenacho atatoa nini? Mimi nina nini? Fimbo hii na kofia hii."

"Kweli kabisa," alisema Esta kwa huruma. "Hata Rubeni wetu hajaoa. Mwaka wa tatu huu binti wa watu anasubiri."

Waisiko alifungua mdomo. Alikuwa na maneno manane tayari, kila moja lina pembe. Kutoka dirishani Ryoba alisema taratibu, bila mzaha, "Mke wangu." Basi. Waisiko akaufunga mdomo, machozi ya hasira yakamlenga. Aliinama akafungua kamba ya maksai wa kwanza.

"Andika, ndugu Balozi. Maksai wawili, mmoja wa kijivu, mmoja..."

"Hodi hapa."

Alikuwa Bibi Nyangi, mjane mfinyanzi wa nyumba ya mwisho, kibuyu chake mkononi. Kila asubuhi alikuja kuchukua maziwa. Kijiji kizima kilimsifu Waisiko kwa kumlisha kikongwe yule bure, na Waisiko alikuwa amezipokea sifa hizo kimya, kwa kuwa hakuruhusiwa kuzikataa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hao maksai wanakwenda wapi, na mawingu yako juu ya vichwa vyenu?"

"Mnadani," alisema Waisiko. "Ryoba aende Mwanza."

"Na utalima kwa nini? Kwa meno?" Bibi Nyangi aliweka kibuyu chini. Aliingia zizini polepole, akipita katikati ya ng'ombe kama mtu anayepita jikoni kwake, akamkamata pembe ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyokatika. Ndiye ambaye Waisiko alikuwa ametoka kumkamua.

"Balozi, andika huyu. Mwekundu, pembe ya kushoto imekatika. Mwenye mali, Nyangi, mjane."

Penseli ya Nikodemo ilisimama. "Bibi, huyu ni ng'ombe wa Ryoba."

"Wa Ryoba alimzaa? Nilimnunua akiwa ndama kwa vyungu arobaini na mitungi sita. Mgongo wangu ndio shahidi. Nilimweka hapa ili shemeji zangu wasimwone, maana walipomzika mume wangu walizoa hata majembe. Hayo maziwa mnayosema naombaomba ni yangu. Huyu mtoto," alimwonyesha Waisiko kwa kidevu, "anakamua, ananijazia kibuyu, anaitwa mwema, na anaona aibu. Miaka mitano hajatema siri yangu hata kwa kuteleza."

"Bibi, rudisha mkono," alisema Waisiko. "Huna mwingine. Na sasa umesema mbele ya watu, shemeji zako watasikia."

"Wasikie. Mimi nimebakiza meno matatu, na hayo hayatafuni nyama. Ryoba alinichungia ng'ombe kwa miguu miwili. Nishindwe kumrudishia mguu mmoja?"

"Nakataa!" Ryoba alipiga kelele ndani. "Bibi, nakataa! Waisiko, nibebe nje nikatae vizuri!"

"Wewe lala," alisema Bibi Nyangi. Alikwisha mfunga kamba yule mwekundu. Aliondoa miti ya mlango mmoja baada ya mwingine, akatoka naye. Waisiko aliishika kamba upande wa pili, naye bibi akavuta. Wanawake wawili walivutana katikati ya njia, mmoja analia, mwingine anafoka, na ng'ombe amesimama kati yao anatafuna.

Nashoni alikuwa akiiangalia ile miti ya mlango iliyolala chini. Miti hiyo angeweza kuifungua yeye, tangu wiki ya kwanza, kwa mkono mmoja. Uso wake ulikuwa umeiva kama tofali la tanuru. Polepole, alivua kofia.

"Bibi, ngoja," alisema. "Ng'ombe wa maziwa hauzwi."

Aliingia zizini, akalishika dume jeusi kwa kamba ya pua. "Ndugu Balozi, mfute yule mwekundu. Andika dume jeusi. Mwenye mali, Nashoni."

Esta aligeuka, bakuli la uji mkononi.

"Nashoni yupi?" aliuliza Esta.

"Mimi, mke wangu."

"Tangu lini dume hili ni lako?"

"Tangu... mvua za mwaka ule."

"Na mwingine yuko?"

Nashoni alitazama ardhi. "Wako saba wengine."

"Saba!" Esta aliweka bakuli la uji juu ya kigingi ili mikono yake iwe huru. "Rubeni anazeeka kama mwembe usiozaa, nawe una saba! Nenda mnadani, mume wangu. Nenda upesi, kabla sijakusindikiza. Ukirudi, tutazungumza mahari."

Kutoka dirishani kilisikika kicheko cha Ryoba, kicheko kirefu kilichochanganyika na kikohozi na kitu kingine ambacho wanaume hawapendi kionekane. "Kaka," aliita. "Mura, mwanamume wewe! Sikumwambia mtu."

"Najua," alisema Nashoni. "Ndicho kilichoniua."

Nikodemo aliandika barua yake, akaipuliza ingawa penseli haina wino. Kisha akaandika nyingine, hakuulizwa. "Hii ni ya bibi," alisema. "Ng'ombe mwekundu ni mali ya Nyangi, mimi balozi ni shahidi. Shemeji zake wakija, waje kwangu kwanza. Na kesho mvua ikinyesha, nitashika mimi mwenyewe plau ya Ryoba. Unga nao nitausemea kwenye kamati. Ila kwa sharti moja."

"Sema, ndugu Balozi," alisema Waisiko, akijifuta uso kwa pindo la khanga.

"Punda abadilishwe jina."

"Hapo," alijibu Ryoba dirishani, "afadhali mguu."

Hawakungoja tena. Waisiko aliwarudisha maksai kwenye kigingi, akaingia ndani kufunga mzigo wa safari ya kesho: blanketi mbili, sufuria, na barua ya daktari. Bibi Nyangi alimrudisha mwekundu wake zizini, akapanga miti ya mlango mmoja mmoja, kisha akakiinua kibuyu chake akangoja kijazwe, maana kila jambo lina saa yake. Nashoni naye alikwisha shika njia ya mnadani, kichwa wazi juani, dume jeusi nyuma yake. Kofia aliisahau juu ya uzio.

Mwenye wanane alisimama pembeni asubuhi nzima akishauri. Mwenye mmoja alifika na kibuyu, akafungua mlango. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.