Mwenye Nyumba Hapigi Hodi

Mwaka huo jua lilikaa juu ya nchi kama mgeni asiyejua kuaga. Mto ulipungua, ukapungua, mpaka ukawa njia ya vumbi ambayo nyoka walipita bila kulowa. Maji yalibaki mahali pamoja tu, kwenye chemchemi ya Kilima cha Ngurumo. Wanyama wakahamia huko na mizigo yao, na kila aliyefika aliuliza swali lile lile: "Kuna nyumba?"

Nyumba zilikuwepo. Muhanga, yule mchimbaji, alikuwa amechimba mashimo sita mazuri upande wa kusini wa kilima, kisha akahama kufuata mchwa. Fisi aliyaona matupu. Akaenda kwa Simba, mwenye kilima chote, akalala kifudifudi, akayasifia manyoya ya shingo yake tangu asubuhi hadi adhuhuri. Simba hajawahi kuchoka kusikia habari za manyoya yake.

"Basi kaa upande ule, upangishe," akasema Simba. "Kodi yako kwangu ni kuja kunisifia hivi kila Ijumaa."

Fisi akajichagulia pango kubwa la kuishi, yale mashimo sita akayapangisha, na kuanzia siku hiyo hakuitika jina lolote isipokuwa Mwenye Nyumba.

Sungura alifika na watoto wanne na kapu moja la kunde. Kunde zile ndizo zilizokuwa maisha yao. Alikuwa amezipima njiani kwa kifuu: vifuu viwili kwa siku, zingefika mpaka mvua za vuli, mradi usiongezeke mdomo mwingine.

Sungura hakuingia nyumba kwa kusikia sifa zake. Alimwita kwanza Kobe, karani wa kilima, ambaye kazi yake ilikuwa kushuhudia makubaliano na kuyaandika kwa mwiba juu ya gome la mti. Wakazunguka nyumba yote, Fisi akiwafuata nyuma.

"Andika, Mzee Kobe: ukuta una ufa, urefu wake mkia wa ngiri. Andika: dari inavuja karibu na jiko. Andika: mlango upo, wa fito, mzima."

"Ya nini yote haya, Mama Wanne?" akauliza Fisi. "Si tunaaminiana?"

"Tunaaminiana, Bwana Fisi. Ndiyo maana tunaandika sasa, kabla hatujaacha."

Wakakubaliana. Kodi, mzigo mmoja wa kuni kila mwezi unapoandama. Dari na kuta, kazi ya mwenye nyumba. Anayetaka kuachana na mwenzake amwambie mwezi mzima kabla. Kobe akasoma gome mara mbili, kwa mwendo ule ule anaotembea nao. Habari ya hodi haikuandikwa. Hakuna aliyeifikiria, kama vile hakuna anayeandika kwamba uji unanywewa kwa mdomo.

Siku ya tatu, chungu kilikuwa kimeanza kutokota, kivuli kikajaa mlangoni, na mara Fisi yumo ndani.

"Hukupiga hodi," akasema Sungura.

"Nipige hodi kwangu?" Fisi alishangaa kweli kweli. "Nimekuja kukagua dari."

"Dari iko juu, Bwana Fisi. Pua yako iko chunguni."

"Mvuke, mama. Mvuke unaharibu dari. Lazima nijue ni mvuke wa nini." Akachukua upawa, akaonja, akaonja tena, akaendelea kuonja mpaka upawa ukakwaruza chini ya chungu. "Ni wa kunde," akatangaza, akaenda zake.

Kesho yake alikuja kukagua ukuta. Ufa aliuona, akauambia pole, akala. Siku iliyofuata alikagua sakafu, na sakafu hiyo ilikuwa na matatizo mengi, kwa sababu aliikagua siku nne mfululizo, kila siku saa ya chakula. Sungura akajaribu kupika alfajiri. Fisi akaja alfajiri, tongotongo machoni. Akaenda kupika kwa jirani yake Kanga. Fisi akakumbuka kwamba hata nyumba ya Kanga ilikuwa haijakaguliwa. Mwishowe Sungura akaukaza mlango kwa gogo, akapika, na watoto wakala mara moja wakashiba, huku Fisi akikwaruza nje na kutaja haki zake.

Walipomaliza, Fisi aling'oa mlango wote akajitwika.

"Huo mlango unaupeleka wapi?" Sungura akapiga kelele.

"Mlango ni mali yangu. Nimekukabidhi mzima, wewe umeutumia vibaya."

"Nimeutumia vibaya vipi?"

"Umeufunga," akasema Fisi, na kuondoka nao.

Siku hiyo Sungura alipima kunde. Vilibaki vifuu kumi na vinane, yaani siku tisa, na mvua ilikuwa bado siku arobaini. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ameacha kuomba chakula. Mama anajua kwamba mtoto anayelia njaa ana afadhali kuliko aliyenyamaza.

Akaenda kwa majirani. Ngiri, aliyepanga shimo la pili, alimsikiliza huku akitazama chini.

"Pole sana, jirani. Kwangu pia anakagua. Ningekuja kutoa ushahidi, lakini mimi nina watoto."

"Na hawa wangu wanne niliwaokota?"

"Hama tu, shoga yangu," akasema Kanga. "Mwenye nyumba hashindwi."

"Nihamie wapi? Kwenye lile vumbi? Maji ni haya, na nyumba ni hizi."

Akarudi kwake, akakaa pale ulipokuwa mlango, akachambua kunde. Mkono ulikuwa ukichambua, kichwa kikirudia maneno ya Fisi: Nipige hodi kwangu? Nipige hodi kwangu? Mara ya kwanza yalimchoma. Mara ya tano mkono ukasimama. Mara ya saba Sungura akacheka peke yake, na watoto wakatazamana, maana hawakuwa wamesikia kicheko siku nyingi.

Akamwendea Kobe. "Mzee Kobe, nipelekee shauri langu kwa Simba. Na uje na gome jipya, zuri, lisilofutika."

Simba alikaa baraza juu ya jiwe lake, upande unaovuma upepo, ili manyoya yapepee. Wapangaji wote walikuja, wakasimama mbali kidogo, tayari kukana kwamba walikuwepo. Fisi akafika wa mwisho akijilamba.

"Mtukufu, tuyamalize upesi," akasema. "Nina mguu wa nyati pangoni unanisubiri, nimeuokota jana. Bado una mafuta."

"Sema, Sungura," akaamuru Simba.

"Mtukufu, mwenye nyumba wangu anaingia kwangu bila hodi, saa ya chakula, anakula kunde za watoto. Nilipofunga mlango, aliung'oa. Sitaki makuu. Nataka kujua sheria ni ipi, ili niifuate."

"Fisi?"

Fisi akavimba. "Sheria iko wazi, Mtukufu. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Hodi ni ya wageni. Mimi ni mgeni kwangu?"

Simba alitikisa kichwa kukubali. Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kupiga hodi popote tangu azaliwe.

"Samahani, Bwana Fisi," akasema Sungura kwa upole. "Sisi wapangaji tu wazito wa kuelewa. Hiyo ni haki yako peke yako, au ya kila mwenye mali?"

"Ya kila mwenye mali! Tangu dunia iumbwe."

"Hata kama mpangaji amelipa kodi?"

"Kodi ni ya kukaa. Kuingia ni kwangu."

"Hata saa ya chakula?"

"Hasa saa ya chakula. Ndipo nyumba inapotumika."

"Na kikikutwa chunguni kitu kinachotoa mvuke?"

"Kikaguliwe mpaka kiishe," akasema Fisi, na wapangaji walio nyuma wakaguna.

"Mzee Kobe, umeandika?" akauliza Sungura.

"Nimefika kwenye 'kiishe,'" akajibu Kobe. Wakamsubiri.

Simba akanguruma kidogo kusafisha koo. "Nimelipenda neno la Fisi. Ni neno la kiungwana. Mwenye mali haombi ruhusa. Iwe sheria ya kilima hiki." Akaweka alama ya unyayo wake juu ya gome.

Kanga akamsukuma Sungura kwa bawa. "Umetumaliza! Jana ilikuwa ni tabia ya Fisi, leo umetufanyia sheria!"

"Nyamaza kidogo, shoga." Sungura akainama mbele ya Simba. "Asante, Mtukufu. Nina swali moja tu la mwisho, la ujinga. Kilima hiki ni cha nani?"

"Changu. Swali gani hilo?"

"Chote? Na upande wa kusini?"

"Chote, juu na chini, na mawe yake!"

"Na lile pango la Fisi, liko kwenye kilima cha nani?"

Simba alimtazama Sungura, akalitazama gome, kisha, polepole, akamtazama Fisi.

"Fisi," akasema, "mimi pango lile sijawahi kulikagua."

"Mtukufu, halina haja! Dari nzima, kuta nzima..."

Lakini Simba alikuwa ameshashuka jiweni. Walimkuta amefika pangoni, ameingia moja kwa moja, na Fisi anakimbia nyuma yake akisema hodi kwa niaba yake. Wapangaji walisimama nje wakasikiliza.

"Mtukufu, dari iko juu."

"Naiona."

"Ila umeinamia mguu wangu wa nyati."

"Una harufu. Harufu inaharibu dari. Lazima nijue ni harufu ya nini." Ukafuata mlio wa mfupa ukivunjika. "Ni ya nyati," akatangaza Simba, akatoka akijipangusa ndevu.

Kesho yake Simba alikuja kukagua ukuta. Kesho kutwa, sakafu. Fisi akawa hatoki pangoni, kwa kulinda alichonacho, na hicho anacholinda hakifiki jioni. Hakuwa na nafasi tena ya kukagua nyumba za watu. Kwa Sungura watoto walikula kunde zao shimo likiwa halina mlango, na hakuna aliyeingia isipokuwa upepo.

Ijumaa ikafika. Fisi akaja kulipa kodi yake ya sifa, mbavu zikihesabika. Akafungua mdomo, akasema, "Manyoya yako, Mtukufu..." Sauti ikakatika. Akaanguka chini. "Mtukufu, badilisha sheria! Mpangaji naye ana tumbo!"

"Sheria ni yako mwenyewe," akasema Simba. "Nami inanifaa sana."

Fisi akamgeukia Sungura kwa macho ya kuomba. Sungura hakumwonea huruma, ila kunde zake zilibaki vifuu sita, na sheria mbaya haidumu kwa mtu mmoja tu. Siku moja Simba angekumbuka kwamba hata mashimo sita yako juu ya kilima chake. Akasogea mbele.

"Mtukufu, naomba kukwambia jambo ambalo wengine wanaliogopa. Anayekaribishwa hupokelewa kwa heshima, akapishwa njia. Anayeingia bila kukaribishwa, saa ya chakula, wanaomwona hudhani..."

"Hudhani nini?"

"Hudhani ana njaa, Mtukufu."

Manyoya ya Simba yalisimama yote. "Nani anasema mimi nina njaa?"

"Hakuna anayesema. Wananong'ona tu."

Simba alitazama huku na huku. Kanga akatazama mbingu. Ngiri akapata kikohozi.

"Kobe!" akanguruma Simba. "Lete gome! Andika: mwenye mali atapiga hodi, hata awe nani. Atatuma neno siku moja kabla, aseme anakuja kukagua nini. Hataingia saa ya chakula. Nyumba ikiwaka moto, aingie azime."

"Na milango, Mtukufu," akasema Sungura.

"Mlango haung'olewi mpangaji akiwa ndani."

"Na kunde zilizoliwa."

Simba akamtazama Fisi kuanzia masikioni hadi mkiani. "Kunde huna. Kucha unazo. Viazi mwitu viko upande wa mashariki, ardhi yake ngumu kama jiwe. Utachimba, utawapelekea watoto wa Sungura kapu moja kila siku tano mpaka mvua inyeshe. Na ule ufa, na ile dari inayovuja, tangu siku ile viko kwenye gome la Kobe. Ziba."

Jioni hiyo Fisi alionekana akipanda kilima na mlango mgongoni. Akausimamisha, akaukaza kwa kamba mpya, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama. Kisha, kwa vile mlango sasa ulikuwa umefungwa na yeye yuko nje, akameza mate.

"Hodi," akasema.

Ndani upawa ulikuwa ukigonga chungu. "Nani?" ikauliza sauti ndogo, ya yule mtoto wa mwisho.

"Mwenye nyumba."

"Ulituma neno jana?"

"Sikutuma."

"Basi njoo kesho kutwa," akasema mtoto, mdomo umejaa. "Tunakula."

Mvua za vuli zilinyesha, mto ukarudi, na wapangaji wapya wakija Kilima cha Ngurumo huonyeshwa lile gome la Kobe kabla ya kuonyeshwa nyumba. Anayewaonyesha siku hizi ni Ngiri, aliyepata ushujaa baada ya hatari kupita. Huwasomea sheria yote, huwasimulia habari za Fisi na mguu wa nyati, na mwisho huwapa methali moja, ingawa kwa sababu za ukoo wake huisema haraka haraka na kwa uso wa uchungu: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.