Radhi ya Bi Mwanakombo

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, msinitolee macho, palikuwa na Hemedi, mtoto wa Ngamiani pale Tanga. Alikwenda Uholanzi kutafuta maisha. Kila mwaka alimwambia mama yake kwenye simu, "Mwakani narudi, mama." Mwakani ikazaa mwakani.

Siku aliyorudi, karudi moja kwa moja, na masanduku yake na mvi zake. Dada yake Mwantumu akampokea mlangoni, akalia, kisha akamwambia taratibu, "Kaka, mama haoni tena. Na kumbukumbu zinampotea."

Hemedi akaingia. Bi Mwanakombo alikuwa kitandani, pembeni mwanamume anamlisha uji.

"Hemedi," mama akaita.

Hemedi akakimbilia kitandani. "Naam, mama."

"Sikukuita wewe, baba," mama akasema kwa upole. "Hemedi mwanangu, mpishe mgeni akae."

"Naam, mama," akajibu yule mwenye bakuli, akainuka, macho chini.

Alikuwa Sufiani, fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha uani.

"Mama alikuwa hali mpaka amwite Hemedi na Hemedi aitike," Mwantumu akaeleza. "Nikamwomba Sufiani aitikie, siku moja tu. Mama akala. Kesho yake akaita tena. Ndiyo maana ukipiga simu nilikuwa nakwambia kalala. Ningefanyaje, kaka?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga. Uchungu wa kuitwa mgeni kwenu hawakuusema.

Basi akakaa. Akafua mashuka, akachemsha maji, akampepea mama yake mchana kutwa. Mama akimshukuru: "Ahsante, mgeni. Mungu akurudishe kwenu salama." Hemedi akitoka uani kulia.

Ikafika asubuhi ya mwisho. "Hemedi," mama akaita, "nipe mkono wako nikuage."

Hemedi na Sufiani wakasimama wote wawili. Hemedi akaunyoosha wake. Kisha akawaza: akiugusa atajua ni wa mgeni, atajua tulimdanganya, atakufa na fundo moyoni. Akaurudisha. Akaushika mkono wa Sufiani, akauweka kiganjani mwa mama.

"Hemedi mwanangu," mama akasema, "nina radhi nawe, duniani na akhera. Wewe hukuniacha."

Akakata roho.

Matanga yalipoanuliwa, wakabaki watatu ndani ya nyumba.

"Radhi ni yangu," Hemedi akasema. "Jina alilolitaja ni langu, na tumbo lililonizaa ni lake. Mkono wangu niliurudisha kwa ajili yake."

Sufiani akajibu polepole. "Bwana Hemedi, mimi sitaki nyumba wala kijiko. Lakini mama yangu alifariki kwetu mimi niko hapa namlisha wa kwako. Radhi yake sikuiwahi. Hii niliitikia miaka, na mkono alioushika ni wangu. Usininyang'anye."

Mwantumu alikuwa anakunja kanga za marehemu. Hakuinua uso. "Endeleeni tu," akasema. "Mimi ndiye niliyemwogesha. Siku ile nilikuwa nimemshika miguu. Jina langu hakulitaja."



Haya, nyinyi mahakimu wangu, msikurupuke. Mama alisema mara moja tu, na sasa haulizwi. Je, radhi ile ilimwendea nani: aliyetajwa, aliyeshikwa, au yule aliyekuwa miguuni?