Siku Kumi na Moja za Mzee Mhoja

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitika. Mvua inanishinda kwa kelele na nyinyi mnanishinda kwa uvivu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Najua hadithi haitolewi mchana, mtu huota mkia. Lakini tazameni nje kulivyofunga, hata kuku wamekwenda kulala. Atakayeota mkia aje kwangu niukate. Endeleeni kumenya karanga hizo, na msizile, ni mbegu. Leo si sungura wala fisi. Anayetaka kucheka acheke mapema, maana huko mbele mimi mwenyewe sicheki.

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, kulikuwa na kijiji mbali na kila kitu. Chumvi yake ilitoka kwenye ziwa la chumvi. Kutoka kijijini hadi kivuko cha mto ni siku tisa. Kutoka kivukoni hadi ziwani ni siku nyingine nyingi. Wanaume waliondoka baada ya mavuno, wakarudi kabla ya mvua, mizigo kichwani, shingo zimeingia mabegani. Siku ya kuondoka wanawake waliwaimbia:

Nyayo, mpelekeni,
Nyayo, mrudisheni.

Imbeni nami. Nyayo, mpelekeni. Nyayo, mrudisheni. Ehee.

Basi katika kijiji hicho palikuwa na mzee, jina lake Mhoja. Huyo aliibeba chumvi tangu ndevu hazijaota hadi zikawa nyeupe. Safari moja aliugua ugenini, akakaa mvua mbili. Kijiji kikasema amekufa. Na mtu akifia njiani, mwili usipatikane, hufanywaje? Hukatwa mgomba, ukavikwa shuka lake, mkewe akaita jina lake mara tatu. Asipoitika mtu, mgomba huzikwa na kilio kikaisha.

Shimo la Mhoja lilikwisha kuchimbwa. Mgomba umelala uani na shuka lake. Mkewe ameita mara mbili. Mara, tipu, tipu, tipu, mtu akaingia na fimbo, amekonda, anauliza, "Nani amekufa?"

Watu walikimbia! Mpiga ngoma alivunja ua kwa kifua. Mhoja alicheka mpaka akakaa chini. Shimo lile hakulifukia. Alitupa mbolea, akapanda maboga, na kila mwaka akawagawia majirani, akisema, "Kuleni, yametoka kaburini kwangu." Wengine walikula, wengine walitema mate.

Siku zikaenda. Mkewe akafa, mtoto hawakupata. Magoti yakakataa mzigo. Mhoja akatua chumvi yake ya mwisho, akastaafu.

Sasa nisikilizeni alivyoishi, kwa kuwa hapo ndipo palikuwa na raha yake. Alfajiri alikunywa uji wa ulezi uliotiwa ukwaju, akiupuliza, fuu, fuu, bila haraka, maana miaka yote njiani aliumeza uji ukiwa wa moto akikimbilia wenzake. Kisha aliloweka miguu katika maji ya uvuguvugu. Akaitazama miguu ile, nyufa na makovu, akaisemesha, "Leo hamwendi popote." Kisha akaweka kigoda langoni, akakaa kuiangalia njia.

Raha yake kubwa ilikuwa hiyo. Kuiona njia, nayo isimwite. Aliwasoma wapitao kwa mwendo tu. "Huyu ana mwiba kisigino cha kushoto." Kweli, mtu akifika, mwiba upo. "Yule amegombana na mkewe, tazama anavyokanyaga." Kweli, walikuwa wamegombana. Watu wakaja kumuuliza mambo. Mbuzi amepotea, nani kapita? Mgeni huyu ni wa heri? Mhoja hujibu kwa maneno machache, kisha hurudi kwenye uji wake. Ndivyo alivyopata jina la mwenye hekima, mtu wa watu aliyetaka kukaa tu.

Lakini hakuna aliyemwacha akae.

Palikuwa na mwanamke, Kalunde. Mumewe, Mahona, alikwenda kwenye chumvi. Mtu mrefu, akitembea hutupa mkono wa kushoto. Mvua ya kwanza haikumleta, wala ya pili, wala ya tatu.

Na kijiji kile kilikuwa na mwiko. Mwanamke ambaye mumewe yuko kwenye chumvi hashiki jembe. Akichimba ardhi mume yuko njiani, anamchimbia kaburi. Ndugu humlimia. Msimu mmoja si taabu. Mwaka wa kwanza walimlimia Kalunde kwa nyimbo. Mwaka wa pili walimlimia kwa kununa. Mwaka wa tatu kila mtu akaumwa mgongo. Shamba likaota magugu mpaka kiunoni.

Kalunde alikuwa na binti mmoja, Mbula, wa miaka mitano. Mtoto akakonda. Nywele zikawa nyekundu, tumbo mbele, miguu kama vijiti. Akaacha kucheza, akawa wa kukaa tu ukutani.

Wakuu wa ukoo wakamwambia Kalunde, "Tuzike mgomba. Ukimzika, utalima."

Kalunde akasema, "Mzee Mhoja mlimchimbia kaburi. Mbona leo anakunywa uji?"

Wakaenda zao. Wakarudi tena, akawajibu hivyo hivyo. "Mbona Mhoja alirudi?" Mara ya tatu, "Mbona Mhoja alirudi?"

Ndipo wakuu wakamwendea mzee langoni. "Mhoja, mwanamke yule anakutazama wewe. Maadamu upo, haziki mtu. Na mtoto anakwisha."

Mhoja aliweka kata ya uji chini. Siku ile hakuimaliza.

Akamwita Kalunde.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwaka ule niliougua tuliondoka watu kumi na wawili. Unajua wangapi walirudi?"

"Wewe, baba."

"Mimi. Basi mbona unanihesabu mimi, wale kumi na mmoja huwahesabu?"

Kalunde akainama. Akasema, "Kwa sababu wao hawapiti mlangoni kwangu kila siku. Baba, nikiita jina lake nikamzika, kisha akatokea kama ulivyotokea wewe, nitamwambia nini? Niletee neno. Mtu mmoja tu aliyeona aniambie. Nitazika siku hiyo hiyo."

Mzee akamtazama Mbula, aliyekaa ukutani. Inzi alitua juu ya jicho la mtoto, na mtoto hakumfukuza.

Akasema, "Nitakwenda hadi kivukoni. Watu wa kivuko huona kila mtu."

Kesho yake alifunga unga kidogo, akachukua fimbo. Wanawake wakatoka wakamwimbia, mzee mzima, aliyestaafu:

Nyayo, mpelekeni,
Nyayo, mrudisheni.

Wabeba chumvi walikuwa na desturi. Kila mmoja alikwenda na kamba, akafunga fundo kila asubuhi, asipotee katika siku. Kamba ya Mhoja ilikuwa imening'inia juu ya moto miaka, imeliwa na moshi. Aliisahau. Aliyestaafu huaga mambo mengi bila kujua.

Akaenda. Tipu, tipu, tipu. Siku ya kwanza magoti yalilalamika. Siku ya pili yalilia. Siku ya tatu yakagoma. Akajikokota, akafika kwenye kilima chenye mawe meupe, mahali ambapo zamani alipita bila hata kupumzika. Akaanguka. Homa ikampata. Akalala chini ya jiwe, jua likija, likienda, akinywa maji ya umande na kulamba unga. Siku moja ikaingia ndani ya nyingine. Alipoinuka aliitazama njia ya mbele, akajaribu. Hatua kumi. Akaketi. Hatua tano. Akaketi.

Akalia pale, mzee yule. Si kwa maumivu. Alilia kwa sababu alijua kwamba hataona kivuko, hatasikia neno lolote, na mtoto yuko ukutani anasubiri.

Homa ilipolegea kidogo akageuka, akajikokota kwa fimbo. Njia nzima alikuwa akijifunza la kusema.

Alipoingia kijijini, watu wote walikusanyika. Mkuu wa ukoo akauliza, "Umefika?"

"Nimefika."

"Kivukoni?"

"Kivukoni. Mahona alishikwa na homa pale. Alikufa mchana, mikononi mwa watu. Walimzika vizuri, kwenye mwinuko, maji hayafiki. Kaburi nimeliona kwa macho yangu."

Watu walitazamana, kisha wakatazama chini.

Kalunde alimwangalia mzee usoni. Akasema, "Nimesikia, baba."

Mgomba ukakatwa. Ukavikwa shuka. Kalunde akaita, "Mahona!" Kimya. "Mahona!" Kimya. Mara ya tatu sauti ilimkatika katikati, wanawake wakammalizia. Udongo ukaanguka, pu, pu, pu.

Kesho yake akashika jembe. Alilima siku nzima, ko, ko, ko, kama mtu anayegombana na ardhi. Mvua ile ilikuwa na huruma. Mbula akala majani ya kunde, akala mahindi mabichi, nywele zikaanza kurudi rangi. Siku moja akamtupia kuku jiwe, na mama yake akakaa chini akalia kwa furaha.

Mtasema, basi imekwisha vizuri. Ngojeni. Nani amekula karanga? Nasikia meno.

Mzee Mhoja alirudi kwenye kigoda chake. Akakaa, akaitazama njia. Akaona mtu anakuja, mbali, mrefu. Moyo ukapiga, du, du, du. Je, ni Mahona? Yule mtu akakaribia, akawa mwingine. Keshoye akaja mwingine, anatupa mkono. Du, du, du! Akawa mwingine. Kila aliyepita alikuwa Mahona mpaka awe karibu. Mzee akafikiri, siku akija, ataukuta mgomba wake kaburini, na mimi ndiye niliyemzika. Mimi, niliyekosakosa kuzikwa mzima, nimemzika mwenzangu bila kumwona.

Raha ikamtoka. Uji ukawa maji. Maji ya miguu yalipoa hajayagusa. Mwezi haukuisha, akageuza kigoda, njia ikawa mgongoni, uso ukutani.

"Mzee, mbona unatazama ukuta?"

"Jua linaniumiza macho."

Na siku hiyo kulikuwa na wingu.

Miaka minne alikaa hivyo. Watu wakileta mambo yao hujibu, "Waulizeni wengine, mimi sioni tena." Kalunde alimpikia uji kila asubuhi, akauleta mwenyewe, akakaa naye. Walizungumza habari za kunde, za panya, za Mbula aliyeota meno mapya. Lile jambo hawakuligusa. Asubuhi baada ya asubuhi, watu wawili na kata moja ya uji, na ukuta.

Mwaka wa nne mzee akashindwa kutoka kitandani. Asubuhi moja akamshika Kalunde mkono.

"Mwanangu, nina jambo limenikalia kifuani. Sikufika kivukoni."

Kalunde akaendelea kukoroga uji.

"Umenisikia? Nilianguka kwenye mawe meupe. Kaburi sikuliona. Mahona sijui yuko wapi. Nilikudanganya."

"Najua, baba."

Mzee akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Uliiacha kamba yako juu ya moto, nikakufungia mafundo mimi, moja kila asubuhi. Ulirudi siku ya kumi na moja. Kwenda kivukoni siku tisa, kurudi siku tisa. Hata Mbula angejua. Kijiji kizima kilijua, baba. Hapa kila mtu amezaliwa na njia ile."

"Na mkanyamaza?"

"Shamba lilikuwa na magugu. Mtoto alikuwa anakufa. Nilitaka mtu wa kuniambia, ukaniambia. Wengine walitaka nishike jembe, nikashika. Kila mtu alipata alichotaka."

Mzee aliuliza polepole sana, "Miaka minne unakuja hapa kila asubuhi. Mbona hukuniambia wewe?"

Kalunde akaweka kata chini.

"Niliogopa. Nikikuambia najua, utaniuliza kama kweli amekufa. Na mimi sijui. Wewe ulikuwa unatazama ukuta. Mimi nikilima, kila nikiinua jembe, nilikuwa naigeukia njia."

Walishikana mikono tu, mpaka uji ukapoa. Siku ya tatu Mzee Mhoja akafa, na safari hii hapakukatwa mgomba.

Mnauliza Mahona alirudi? Hakurudi. Mbula alipata wajukuu, hakurudi. Uwongo wa mzee labda ulikuwa kweli tupu tangu mwanzo. Lakini yeye hakulijua hilo, wala Kalunde hakulijua, na sasa hakuna wa kulijua.

Mimi nikifika hapa hukasirika. Simkasirikii mzee, alisema alichoweza ili mtoto ale. Nawakasirikia wale wengine, waliojua kuhesabu. Walimpenda, wakamwita mwenye hekima, wakapita langoni kwake miaka minne wakimwona ameupa uso ukuta, wakasema jua kali. Angetosha mmoja wao kukaa naye chini na kusema, "Mzee, tunajua, na tulikubali pamoja nawe." Raha ya uji wake ingerudi siku hiyo hiyo. Mtu akikubebea uchungu wako, usijifanye huuoni kichwani pake. Mpokee, hata kama ni kwa neno moja.

Haya, mvua imepungua. Hadithi yangu nimeitua hapo, nami shingo imechoka. Leteni hizo karanga nione zimebaki ngapi.