Mbegu za Wilhelmina

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, yaani anayetaka kitu cha thamani hana budi kujishusha. Hawakuwasemea watu wafupi. Walimsemea mtu kama Bujiku wa Kasoli, mrefu wa kimo na mrefu zaidi wa majivuno.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba. Malori yao yalipigana vikumbo mlangoni kwa Bujiku, kwa kuwa pamba yake ilikuwa nyeupe pe na shamba lake halikuwa na jani la ziada. Mkewe, Wilhelmina, hakujali malori. Furaha yake ilikuwa pakiti ya mbegu za deizi, maua ya msimu mmoja, aliyotumiwa na binti yao Salu aliyeolewa Arusha. Alizipanda mbele ya nyumba, akawa anaitazama miche yake kama mama anayemtazama mtoto aliyelala.

Asubuhi moja Bujiku akapita na jembe. Kwake yeye, kila kisichokuwa pamba, mahindi au mpunga kilikuwa magugu. Kufumba na kufumbua alikuwa amepalilia mpaka pakang'aa, kisha akamwita mkewe aje asifu. Wilhelmina aliitazama miche iliyolala mizizi juu. Hakulia wala hakugomba. Alinyamaza, akaendelea kunyamaza wiki ya kwanza na ya pili.

Bujiku, ambaye hakuwahi kumwomba mtu radhi, alikwenda mjini Bariadi akarudi na maua ya plastiki.

"Haya hayanyauki," alisema.

"Wabeja," mkewe alimshukuru, akayatundika msumarini, akanyamaza tena. Ugali ulikuja kwa wakati, lakini mazungumzo hayakuja. Bujiku alimkosa mkewe ilhali wamekaa jiko moja, na jambo hilo lilimuuma sana.

Hatimaye akasema, "Mama Salu, nipe mbegu zilizobaki. Nitazipanda mimi mwenyewe."

Wilhelmina alikuwa ameweka chache akiba kibuyuni, kama mkulima yeyote. Zilikuwa za mwisho. Alimmiminia kiganjani. Bujiku akachimba shimo kwa jembe, akadondosha mbegu kadhaa, akainua kisigino afukie kama afukiavyo pamba.

"Baba Salu!" Hilo lilikuwa neno lake la kwanza baada ya siku nyingi. "Utazizika! Hizi hazitaki kisigino. Piga magoti, uzinyunyize juu juu kwa vidole."

Piga magoti! Kasoli nzima, mke ndiye humpigia mume magoti akimsalimu. Bujiku alitazama barabarani. Jirani yake Masalu alikuwa akipita na ng'ombe. Akamtazama mkewe. Akapiga magoti.

"Mwangaluka, Bujiku!" Masalu alimwamkia huku akicheka. "Leo wewe ndiye unayemsalimu mama?"

"Namwomba radhi," Bujiku alijibu, uso karibu na udongo. "Nisamehe, Mama Salu. Niliona magugu, wala sikukuuliza."

Wilhelmina naye akapiga magoti kando yake, akamwonyesha jinsi ya kuzifunika kwa udongo kidogo tu.

Mwezi wa Aprili maua yakafunguka kila jua lilipotoka. Wilhelmina alichuma moja, akalichomeka kwenye kofia ya mumewe, akacheka kicheko ambacho Bujiku alikuwa amekifuata hadi Bariadi. Kumbe kilikuwa pale pale mlangoni, chini kabisa. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.