Mbwa Aliyepona Kabla ya Dawa

Wapendwa, palikuwa na mjane mmoja aliyeishi na mbwa wake. Msicheke. Tangu amzike mumewe, mbwa yule ndiye aliyempokea mlangoni, na ndiye aliyemfanya alale bila hofu. Sasa mbwa akaota upele mgongoni, manyoya yakapukutika, chakula akawa anakinusa tu na kugeuka. Mama akaumia sana.

Hakuwa mtu wa kudanganywa ovyo. Sokoni hanunui samaki mpaka amfunue mashavu. Akafungua simu, akakuta dawa ya mbwa iliyosifiwa na watu mia tisa. Kampuni iko wapi? Haikuandikwa. Dawa ina nini ndani yake? Kimya. Daktari wa mifugo alikuwa mtaa wa pili, lakini mama hakwenda kumuuliza. Akajiambia penye wengi hapaharibiki neno, akaagiza.

Dawa ikaja na kikaratasi: tuandikie sifa leo, tukuletee chupa ya pili bure. Mama akaona chupa moja haitatosha mgongo mzima. Akaandika, hata kifuniko hajakifungua: "Mbwa wangu amepona kabisa." Nafsi ikamsuta, akaituliza: huu si uongo, nakiri kwa imani, kama tunavyokiri kanisani.

Siku ya nne ya kumpaka dawa ile, mgongo wa mbwa ukawa vidonda vitupu. Akamkimbiza kwa daktari. Kwenye benchi akamkuta dada mmoja wa kwaya, amempakata mbwa mdogo aliyebabuka vilevile.

"Na wewe ulitumia dawa ile?" mama akauliza.

"Nilisita, mama. Zile sifa mia tisa sikuziamini, simjui hata mmoja wao. Halafu nikaona jina lako."

Mbwa wa mama alipona, baada ya wiki nyingi. Yule mdogo hakupona.

Je, wale mia tisa walikuwa matapeli? Mimi nadhani wengi wao walikuwa watu wema wenye shida, kila mmoja akimwegemea aliyemtangulia. Sisi tumezoea kuuliza, huyu ni wa kuaminika? Tuulize, ndiyo, na tukague, na kwa daktari twende. Lakini leo swali linatugeukia. Ni jambo gani ulilolitolea ushuhuda na hujalijaribu? Umesambaza nini asubuhi hii kabla hujaja hapa? Yuko mtu asiyewaamini wale wote, ila anakuamini wewe.