Uzi wa Feni

Tik. Kimya. Tik. Nyumba nzima imelala, na sauti inatoka chumba cha mbele.

Mwanamke mmoja alikuwa na mume aliyeajiriwa mahali ambapo hajawahi kupakanyaga. Mwanamke ni Sekela, mume ni Ambokile, na kazi yenyewe ni kutunza programu za kompyuta za watu wa mbali, kwa niaba ya kampuni ndogo ya mji mwingine, zamu ya usiku, akiwa nyumbani kwake. Mwenye kampuni hakumwona, kwa hiyo hakumwamini; akaweka taa ndogo ya kijani kwenye kioo cha kompyuta, inayowaka mradi kipanya kinasogea, kikitulia inazimika na mtu anaulizwa alikuwa wapi. Sekela naye hakumwamini, kwa sababu nyingine. Mume anafunga mlango usiku, asubuhi macho mekundu, mtoto akilia hasikii, ukimsemesha anaitikia "mh" na mawazo yako kwingine, sasa hapo mke awaze nini? Alishamnong'oneza wifi yake kwamba kaka yako ana mtu, anaongea naye humo ndani mpaka kunakucha. Wifi akamcheka, akamwambia huyo kaka yangu hata wewe alikutongoza kwa kutuma ndugu, huyo mwingine nani amemtongozea? Sekela hakucheka.

Usiku ule akamfunga mtoto wao Tusa mgongoni asije akaamka na kulia, akanyata, akasukuma mlango akijua kabisa atakuta sura ya mwanamke kwenye kioo.

Hakukuta sura. Alikuta mumewe amelala, shavu juu ya meza, mdomo wazi. Feni ya mezani ilikuwa inageuka kulia na kushoto, na shingoni mwa feni umefungwa uzi mweusi wa kushonea, umeshikizwa kwenye kipanya. Feni ikigeuka, uzi unakivuta. Ikirudi, mpira mwembamba wa kuvutika, uliofungwa upande wa pili, unakirudisha, kinagonga kikombe, tik. Taa ya kijani inawaka vizuri. Na chini ya taa, maneno ya mwenye kampuni: Upo? Mashine ya dawa hospitalini imegoma, wagonjwa wamepanga foleni. Upo? Naona upo, mbona hujibu?

Sekela alisoma. Kwanza, Mungu amsamehe, alifurahi kwamba hakuna mwanamke. Halafu akaogopa kuliko alivyoogopa mlangoni. Akamtikisa. Ambokile akashtuka, akaandika Nipo kabla hajafumbua macho vizuri, vidole vikakimbia, akahangaika jasho likimtoka mpaka dawa zikaanza kutoka. Ndipo akamgeukia mkewe akimsihi, asiseme popote, kampuni ikijua kazi imekwisha, na mtoto atakula nini. Kule kweli alidanganya, lakini hapa nyumbani, akaapa, yupo kwa moyo wote.

Sekela akautazama uzi. Akakumbuka "mh" ya mezani, "mh" ya kitandani, na ile "mh" ya siku Tusa alipochemka kwa homa, baba akaitikia vizuri tu, na asubuhi hakukumbuka kama aliambiwa.

"Baba Tusa," akasema, "na sisi uzi wetu umeufunga wapi?"

Feni ikaendelea kugeuka, taa ikaendelea kuwaka, na mwenye kampuni, huko aliko, akaridhika.

Nasi tunaoitika upesi kila tuitwapo, nyumbani na kwenye ibada, nani ajuaye kama tuko macho? Sekela hakujua tena, na tangu usiku ule kila alipoitikiwa alitega sikio asikie kama kuna tik. Wifi yake alikuwa ameshaambiwa na yeye kwamba mle chumbani kuna mtu. Hili la pili, kwamba alifungua mlango na hakukuta mtu, Sekela alimwahidi mumewe, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa mtoto, kwamba hatamwambia mwingine yeyote.